Shafti ya Stelingi Iliyopakwa Rangi Nyeusi

Mmeniuliza wengi, na wengine mmeniuliza huku mnacheka. Nimeamua kuandika yote mara moja, asiyejua kusoma asomewe, nisisimamishwe tena sokoni kujieleza kama mtu aliyeiba. Shemeji yangu Ngasa alifika Bariadi kabla yangu. Amewaambia kwamba nilisinzia kwenye usukani nikamwingiza mama yake kwenye mpunga. Amewaambia pia, kwa kusikia tu maana hakuwepo, kwamba nilimkalisha mama mkwe wangu kiti cha mbele kama mke wangu, tukaenda Mwanza tunapiga soga. La kwanza ni uongo. La pili nitawaeleza lilivyokuwa.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Kuendesha gari nimeanza kijana na sasa nina mvi. Sijawahi kusinzia.

Safari yenyewe ilikuwa ya jicho. Mama mkwe wangu, ambaye jina lake silitaji hapa wala popote, jicho la kulia lilishakufa. La kushoto lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli cha mtu basi. Madaktari walikuwa wameweka kambi Mwanza, wanapasua macho, na kambi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Baada ya hapo hakuna aliyejua watarudi lini. Tulikuwa tumeambiwa wazi: jicho lile likiachwa sana, nalo litafuata mwenzake. Basi hawezi kupanda. Nyonga yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya, ngazi za basi zinamshinda na kukaa wima muda mrefu hawezi. Gari ya mtu asiyemjua hapandi hata umwombe vipi. Ikabaki gari yangu, ile ndogo nyeupe ya siku nyingi, iliyokuwa teksi kabla sijaichukua.

Kwa asiye wa kwetu niseme jambo moja. Mkwe wa kiume na mama mkwe kwetu hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Ni heshima. Vijana wa mjini wengi wameacha. Mama huyu hajaacha, na mimi sikumuuliza kwa nini. Ndiyo maana mtu wa tatu alihitajika safarini. Mke wangu Minza alikuwa anamuuguza binti yetu aliyejifungua kwa upasuaji. Akaenda Ngasa, mdogo wake Minza, mtoto wa kiume wa mama huyo. Kazi zake zilikuwa mbili: kumshika mama mkono, na kupeleka maneno kati yake na mimi.

Bariadi kwenda Dutwa

Kabla sijaondoa gari, niwape habari ya shafti.

Shafti ya stelingi ni chuma kinachotoka kwenye usukani, kinapita karibu na miguu ya dereva, kinashuka kwenda kugeuza matairi. Katikati kina jointi, maana hakiendi moja kwa moja, kinapinda. Jointi ya gari yangu ilikuwa imelegea. Usukani ulikuwa unacheza, na ukipita kwenye tuta unasikia ko! chini ya miguu. Wiki chache kabla ya safari nilipata msiba Maswa. Nikamwachia Ngasa gari. Nikamwambia mbele ya mke wangu, "Nenda Mwanza ukatafute shafti nzima. Umpeleke fundi Shija aibadilishe. Isichomelewe. Chuma cha stelingi hakichomelewi."

Akasema, "Kaka, mimi ni mtoto?"

Niliporudi nikachungulia chini ya dashibodi. Nikaona shafti nyeusi tii, inang'aa. Nikaizungusha, usukani ukawa umekaza vizuri. Nikamshukuru Ngasa. Nikamshukuru na Shija, tena nikampelekea kuku. Kuku yule nitamkumbuka mpaka nife.

Jumatano tulikuwa tuondoke alfajiri. Ngasa akaja jua limeshapanda, amenyoa, amevaa miwani ya jua. Tukaenda kumchukua mama kijijini kwake, njia ya vumbi. Akaingizwa nyuma, akakaa nyuma yangu, mguu wake mbovu ameunyoosha chini ya kiti changu. Amejifunika kitenge kichwani mpaka usoni. Mimi nikatazama mbele.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia habari za asubuhi kwa Kisukuma, mayu ni mama, nikiwa nimeangalia kioo cha mbele.

"Mwambie mwangaluka," akamwambia Ngasa.

"Mwangaluka," Ngasa akaniambia, na kucheka.

Dutwa tulisimama kunywa chai kwa sababu Ngasa alikuwa hajala. Ilikuwa siku ya watu wengi, baiskeli zimepangwa mpaka barabarani, mabasi yanapiga honi kuzifukuza. Mama akaletewa chai na chapati ndani ya gari, Ngasa amemshikia kikombe. Mimi nikaenda mbali, nyuma ya zile baiskeli, nikanywa yangu nimesimama. Niliporudi, Ngasa akanikuta njiani kabla sijafika kwenye gari.

"Kaka, mama anasema redio yako ina kelele."

Nikaingia nikazima redio. Hapo ndipo tulipoanza kupotezana, lakini mimi sikujua.

Dutwa kwenda Lamadi

Redio ilipozimwa nikaanza kusikia kitu. Kwenye tuta la kwanza, ko. Kwenye tuta la pili, ko. Ilikuwa ile ile ya zamani, ila imekuwa ndogo.

"Ngasa, nini kinagonga?"

"Jeki hiyo kaka. Ipo kwenye buti, haijafungwa."

Nyuma mama akaguna. Akasema, hakusema na mtu, alisema na kitenge chake: "Mtu mzima akishaambiwa, mimi sirudii."

Nikajua anaendelea na mambo ya redio. Nikaona mama huyu ana makali, redio imeshazimwa na bado ananung'unika. Ngasa akavaa miwani yake vizuri akaangalia pamba za watu dirishani.

Nilisimama nikafungua buti. Jeki ilikuwa imefungwa kwa kamba, mimi mwenyewe niliifunga. Nikairudia kuikaza. Nikainama nikaishika shafti kwa mkono, nikaitikisa. Haikucheza. Ilikuwa nyeusi na safi kama nilivyoiona siku ile. Nikarudi nikaendesha, polepole zaidi. Ko ikapungua, nikasema labda kweli ilikuwa jeki.

Lamadi tulichelewa kwa Ngasa tena. Alisema anakwenda kununua maji. Nikala sato kwenye kibanda, nikamaliza, nikanawa. Mama alipelekewa wake ndani ya gari na mwenye kibanda, akamla mpaka mifupa ikabaki mitupu. Ngasa akarudi na msichana wanacheka, maji hana. Msichana akainama dirishani akamsalimia mama.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Rafiki tu mayu."

"Rafiki anayelichelewesha jicho langu."

Msichana akakimbia.

Lamadi kwenda Mwamanyili

Lami ni nzuri hapo na gari zinakwenda mbio. Mimi sikukimbia. Hilo andikeni mioyoni mwenu, ninyi mliosikia nilisinzia: mtu aliyesinzia hapunguzi mwendo akiona ng'ombe.

Maeneo ya Mwamanyili kundi likawa linavuka barabara kutoka majini. Wachungaji walikuwa wawili, wanapiga miluzi. Dume mmoja akasimama katikati akatuangalia. Nikapunguza, nikakata kulia kidogo nipite nyuma yake.

Usukani ukaenda mwepesi. Nimeendesha miaka mingi, lakini kitu kile sikuwahi kukishika: usukani umezunguka mikononi mwangu kama mfuniko wa sufuria, na gari haina habari nao. Gari ilikuwa imeanza kwenda kulia na ikaendelea kulia. Nikazungusha kushoto, bure. Nikakanyaga breki. Tukavuka upande wa pili wa barabara, na kwa bahati hapakuwa na lori. Tukashuka tuta.

Wakati tunashuka mama alipiga kelele moja: "Masunga!"

Hilo ni jina langu. Sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu nilipomwoa binti yake.

Mvua zilikuwa zimekatika juzi tu na majaruba yalikuwa bado na maji. Gari ikaingia kwenye jaruba la mpunga, tope likaishika, ikasimama imeinamisha pua. Kifua changu kiligonga usukani. Ubavu mmoja ukavunjika, au ukapasuka, sikwenda kupimwa. Unauma nikicheka, ila siku hizi sicheki sana. Mama alianguka kwenye nafasi ya miguu nyuma ya kiti changu, mguu mbovu ukiwa juu. Ngasa hakupata hata mkwaruzo. Miwani yake haikutoka usoni.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwenye mpunga. Mwanamke mnene, ana jembe, anapiga kelele tangu mbali.

"Nani huyo? Nani kaniletea gari kwenye jaruba? Barabara yote hiyo mmeona ndogo?"

Akafika. Akaona mama anavutwa nje, kitenge kimejaa tope. Akatupa jembe.

"Mayu! Mayu, umeumia wapi? Ninyi wanaume mnamvuta kama gunia, mwacheni!" Akamwinua peke yake, akambeba mgongoni kama mtoto, akapanda naye tuta. Huyo anaitwa Mama Sayi. Katika watu wote wa safari hii ndiye ninayemtaja kwa wema bila kuongeza neno.

Wale wachungaji wa ng'ombe waliotuvukia waliondoka. Hawakugeuka. Majina yao siyajui, ningewataja.

Mwamanyili, tulipokwama

Gari ilivutwa na ng'ombe wa kulimia wa Mama Sayi, wamefungwa minyororo, na watu wa jirani wakisukuma. Tope likanipanda mpaka kwenye nywele. Nikampigia fundi wa Lamadi, anaitwa Magesa, niliyepewa namba yake na mwendesha bodaboda. Akasema atafika kesho yake.

Basi tukalala kwa Mama Sayi. Mama yuko ndani, mimi kwenye gari, maana chini ya paa moja na mama mkwe silali. Mama Sayi alishangaa sana.

"Wewe baba una nini? Nyumba ipo, unalala na tope?"

Alhamisi Magesa akaja na pikipiki. Mtu mrefu, ana maneno mengi, na kila akifungua nati moja anasimulia habari ya mtu mwingine aliyekufa kwa gari. Tulikuwa tumemweka mama kwenye kigoda kivulini karibu na gari, ili apate hewa. Ngasa yupo amesimama nyuma yake.

Magesa aliingia kichwa chini, miguu nje ya mlango. Akasema, "Haya, funga usukani usizunguke." Nikachukua kamba ya jeki nikaufunga kwenye kiti. Akalegeza bolti ya juu, akalegeza ya chini, akavuta. Ikatoka vipande viwili.

Akaviinua juani. "Nani alikuuzia hii?"

"Ni mpya," nikasema.

"Mpya?" Akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na mabonde mabonde ya kuchomelea, kama ngozi ya mtu aliyeungua. "Kaka, hii ni shafti yako ile ile ya zamani. Jointi imelegea, mtu akaichomelea isicheze, akapaka rangi. Jointi ikichomelewa haipindi tena. Sasa kila ukikata kona inajipinda palepale, mpaka inakatika. Una bahati ilikatika kwenye mpunga, ingekatika pale juu kwenye daraja ungekuwa na watu wengine wanakusubiri."

Nikatoa simu nikampigia Shija, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Shija, ile shafti uliyonifungia ni mpya?"

"Mpya kabisa kaka, ya boksi."

"Mbona imekatika pale ulipochomelea?"

Nikasikia mtu anapiga nyundo huko kwake.

"Shija."

"Sasa kaka muulize shemeji yako. Mimi nilimwambia akaifuate Mwanza. Yeye akasema hana muda, ana ngoma Dutwa. Akasema, we chomelea upake rangi, kaka hachungulii ndani."

"Na wewe ukakubali."

"Mteja kasema."

Nikakata. Kwa hiyo mnaouliza ni nani, ni hao wawili. Shija fundi wa Bariadi, aliyechomelea chuma asichopaswa kuchomelea na akapaka rangi ili nisione. Na Ngasa, aliyesema apake. Kuku wangu Shija alimla.

Lakini yalikuwa hayajaisha. Mama alikuwa ametulia kwenye kigoda, kitenge usoni. Akasema, "Ngasa. Pale Dutwa nilikuambia nini?"

Ngasa akarekebisha miwani yake.

"Nilikuambia chini ya mguu wangu kuna chuma kinagonga, mwambie mwenye gari asimame aangalie. Ulimwambia?"

"Mayu, ni mambo ya..."

"Ulimwambia?"

Mimi nikasema, nikiwa nimeangalia gurudumu, "Niliambiwa redio ina kelele."

Mama akageuka upande wa sauti yangu. Kumbe njia nzima alikuwa amenikasirikia. Alidhani nimeambiwa na ninajifanya mjuaji, nauliza nini kinagonga wakati jibu ninalo. Na mimi nilidhani ananung'unikia redio. Katikati yetu alikuwepo mtu mmoja ambaye tulimpa maneno ayabebe, na aliyajua yote, na alijua kwa nini kile chuma kinagonga.

Ngasa akasema anakwenda barabarani kutafuta mtandao apige simu nyumbani. Akaenda na begi lake. Mama Sayi alimwona anapanda basi la kurudi.

Mama Sayi alituletea chakula tukiwa hatujajua bado. Ugali, mlenda, na dagaa wa kukaanga, kwenye sinia moja kubwa, na maji ya kunawa. Akaliweka kati yangu na mama.

"Kaleni. Wewe, mnawishe mama yako."

Nikasimama. Mama naye akajifunika zaidi. Mama Sayi akatuangalia mmoja mmoja.

"Si mama yako huyu?"

"Ni mama mkwe," nikasema.

Akajipiga mapaja. "Mama yangu weee! Tangu jana namwambia mtu akalale chumba cha mama mkwe wake!" Akanyakua sinia, akakimbia nalo, akarudi na sahani mbili. Yangu nikaila nyuma ya gari, na Magesa, ambaye alicheka mpaka akapaliwa.

Alasiri Magesa akaenda Magu. Huko kulikuwa na gari mbovu ya aina ya yangu inachinjwa, yaani inafunguliwa spea moja moja, na shafti yake ilikuwa nzima. Akarudi jua linazama. Nikaikwangua kwa kisu kila mahali, nikaipinda jointi huku na huku kwa mkono. Ilipinda laini, haikucheza. Nikamwambia funga kesho, nataka nione kwa mwanga.

Nikamsikia mama anamwambia Mama Sayi, "Kesho ni Ijumaa."

"Ndiyo mayu."

"Basi."

Mwamanyili kwenda Magu

Ijumaa Magesa alifunga shafti mapema. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi pembeni yake, ubavu unawaka, ninaangalia kila bolti. Meno ya shafti lazima yaingie kwenye meno ya chini matairi yakiwa yamenyooka na usukani uko katikati. Yeye aliharakisha, akaruka jino moja. Gari ikawa inakwenda mbele vizuri ila usukani umekaa upande, kama mtu aliyeinamisha kichwa. Nikamwambia arudie. Akasema, "Kaka, ukirudia Ijumaa yako inakwisha. Bolti zimekaza. Kaza roho." Nikaangalia jua. Nikavuta bolti zote mbili kwa spana mwenyewe, zilikuwa zimekaza kweli. Nikaacha.

Sasa tulikuwa wawili. Sina mtu wa kumshika mama mkono, sina mtu wa kubeba maneno. Mama Sayi akasema angekuja yeye lakini ana mpunga wa kuokoa, mpunga ule ule niliouponda. Alimbeba mama mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma.

"Mbele," mama akasema.

"Mayu?"

"Niweke mbele. Kikigonga nikisikie mimi, nikiseme mimi."

Kwa hiyo ndiyo, mliosikia kwamba alikaa mbele, alikaa mbele. Alijifunika uso akageukia dirishani. Mama Sayi akamwekea kuku mapajani, jike, amefungwa miguu, zawadi ya mgonjwa.

Njiani nikapita lori kwa haraka kidogo. Mama akamshika kuku kichwa.

"Kuku," akasema, "mwambie dereva, jicho langu nalitaka nikiwa hai."

Nikawaza. Sikuwa na njia nyingine.

"Kuku, mwambie mama nimepunguza."

"Kuku, mwambie sikusikia kinachogonga."

"Kuku, mwambie mama hata mimi."

Tulikwenda hivyo. Kuku alipelekewa habari za barabara, za tuta, za kiu, za Minza alivyokuwa mkorofi akiwa mtoto. Nilijua mambo ya mke wangu ambayo hajawahi kuniambia. Mama alisema alipokuwa msichana alimwona ng'ombe wa baba yake mwenye baka jeupe usoni kutoka upande wa pili wa bonde, na kwamba macho yake ndiyo yaliyokuwa yanahesabu kundi jioni. Hilo alilisema bila kumwambia kuku.

Pale Magu askari wa barabarani alitusimamisha. Akaangalia tope kwenye gari, akaangalia usukani uliolala upande.

"Mzee, hii stelingi vipi?"

"Shafti imebadilishwa leo asubuhi. Jino moja limerukwa. Bolti zimekaza, inama uone."

Akainama akaona. Akamtazama mama na kuku. "Mnakwenda wapi?"

"Macho," mama akamwambia. "Kambi inafungwa leo na wewe unaongea."

Akatuachia.

Magu kwenda Mwanza

Mjini magari yalisongamana, nikapotea mara moja, nikarudi. Tulifika hospitalini mchana umeshapinda. Mlinzi wa geti akasema kambi imefunga kupokea wagonjwa. Nikamwambia tulikwama, nikamwonyesha tope. Akasema kila mtu anakwama. Mama akajifunua uso akamtazama, yaani akamwelekezea lile jicho moja jeupe, akasema, "Mwanangu, mimi sikuoni. Kama umesimama mlangoni, sogea." Akasogea.

Nikashuka. Sasa nikakutana na lile nililokuwa nalikwepa tangu asubuhi. Kutoka kwenye gari hadi jengo kulikuwa mbali, na mtu haoni, na nyonga mbovu. Nikachukua fimbo yake. Nikashika mwisho mmoja, nikampa mwisho mwingine. Tukaenda hivyo, mimi mbele, fimbo katikati, watu wanatuangalia.

Kwenye ngazi akatoka nesi kijana, mkali.

"Mzee, unamvuta mama yako kama mbuzi? Mshike mkono! Madaktari wanavua gauni huko!"

Nikasema, "Siyo mama yangu, ni..."

Fimbo ikawa nyepesi mkononi mwangu. Mama alikuwa ameiachia. Alinyoosha mkono hewani, unatafuta. Nikasimama kama mjinga. Nesi akasema, "Wewe!"

Nikaushika. Mkono mkavu, mwepesi, mgumu wa jembe. Tulipanda ngazi zile moja moja, kila ngazi nyonga yake inalia na ubavu wangu unalia, na hakuna aliyesema na kuku wala na nani. Juu kabisa nesi akamchukua. Akamwambia yeye ni wa mwisho, daktari amekubali.

Alifanyiwa jicho lile jioni ile. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, nimesimama pembeni kwa heshima. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akatazama mlangoni, akanitazama moja kwa moja, muda mrefu, na mimi sikujua niangalie wapi.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo, mayu."

Kurudi

Njiani sina cha kusema, gari haikugonga. Usukani nilimpa Magesa aurekebishe tulipopita Lamadi, akaurudisha katikati, akidai alijua tangu mwanzo. Mama alikaa nyuma. Kuku alikuwa amefia Mwanza kwa joto, hatukumla.

Shija nimemrudishia vipande vyake viwili, nimevitundika kwa waya juu ya mlango wa gereji yake, pale rangi ilipokwanguliwa pakiwa mbele. Akivitoa nitarudi nibandike hadithi hii mahali pake. Ngasa hajaja kwangu. Amekwenda kwa watu wote isipokuwa kwangu na kwa mama yake. Simsamehe. Mnaotumwa na yeye msipoteze soli za viatu.

Tulipofika, Minza alitoka mbio nyumbani, akamkumbatia mama yake, akalia, akamwuliza anamwona, akamwonyesha kitukuu chake, mtoto wa binti yetu. Mama akamtazama mtoto kwa jicho lake, akasema ana masikio ya upande wetu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na boneti, hatua chache tu. Mama akavuta kitenge, akajifunika uso upande wangu kama zamani. Akamwambia Minza kwa sauti niliyoisikia mimi na majirani:

"Mwambie mume wako asante."

Minza akaniangalia, akamwangalia mama yake. "Mama anasema asante."

"Mwambie nimesikia," nikasema.